Je, wajua kwa nini Elisha alijengewa chumba juu ya paa?

Stori ya yule mama wa Shunemu wengi tunaikumbuka kwa ajili ya mtoto aliyefufuliwa, ila pale mwanzoni, 2 Wafalme 4, kuna kitu tunakipita mbiombio: mama anamwambia mumewe wamjengee nabii Elisha chumba kidogo juu ya nyumba, wamwekee kitanda, meza, kiti na taa. Sasa kwa nini juu? Si wangemtandikia tu mkeka ndani yaishe?

Kwanza Elisha alikuwa mtu wa barabarani, mara Karmeli, mara Samaria, mara Gilgali kwa wana wa manabii (yaani wanafunzi wa manabii), na Shunemu iko bonde la Yezreeli, kwa hiyo alikuwa anapita hapo kila mara na mama anamlisha, akishiba anasonga mbele. Mambo ya kuchukua chumba gesti hayakuwepo, msafiri asipopata wa kumpokea analala uwanjani, soma Waamuzi 19 uone yule Mlawi kule Gibea ilivyokaribia kumtokea hivyo.

Halafu paa zenyewe zilikuwa bapa, magogo na matawi juu yake udongo ulioshindiliwa, na watu walizitumia kwelikweli. Rahabu, yule mwanamke wa Yeriko, alianika mabua ya kitani huko, na Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza paa lizungushiwe ukuta mtu asije akadondoka. Chini ndo kwenye jiko, akiba ya nafaka, watoto, mara nyingi hata mifugo, mtumishi atapumzika saa ngapi hapo? Juu kuna upepo na anaweza kufunga mlango akasali.

Na vile vitu vinne usivichukulie poa. Maskini wa wakati ule joho lake ndo lilikuwa blanketi lake, Kutoka 22 inasema ukilichukua rehani umrudishie kabla jua halijazama, sasa huyu mgeni anapewa kitanda na meza na kiti! Mama alikuwa na uwezo, Biblia yenyewe inasema.

Ila mimi kinachonifurahisha zaidi ni mstari wa 11, Elisha anafika siku moja, anaingia chumbani kwake, analala. Basi. Hakuna kuulizwa umekuja na nani wala utakaa siku ngapi, na baadaye alipomtuma mtumishi wake Gehazi amwite mama, mama anasimama mlangoni, yaani mlango wa chumba alichokijenga mwenyewe.

Elisha akataka kulipa fadhila, nikuombee kwa mfalme au kwa mkuu wa jeshi? Mama akajibu anakaa kati ya watu wake, yaani hana shida. Alikuja kumhitaji mfalme baadaye, sura ya 8, aliporudi kutoka nchi ya Wafilisti alikokimbilia njaa miaka 7, akaenda kudai nyumba na shamba lake, akamkuta Gehazi palepale anamsimulia mfalme habari zake, na mfalme akaamuru arudishiwe vyote pamoja na mazao ya shamba ya miaka yote aliyokuwa hayupo.