Ushindani finyu kwenye simu za mezani: hatari iko wapi?

Ushindani finyu ni pale soko lililokuwa la kampuni moja linapofunguliwa kwa mshindani mmoja au wawili tu. Hilo peke yake si baya. Ubaya huanza serikali inapoona mgeni kaingia, ikaondoa udhibiti wa bei kwa wateja wote.

Chukua Moshi. Tuseme kampuni mpya imepata leseni ya simu za mezani. Itaanza kuvuta nyaya wapi? Jirani na mnara wa saa, bila shaka: benki, hoteli, ofisi za kupandisha watalii mlimani. Nguzo chache, bili nene. Kibosho, ambako nyumba zimetawanyika migombani, hakulipi. Kwa hiyo mjini bei inashuka kweli, na makaratasi yanaonyesha mkoa una kampuni mbili. Zahanati ya Kibosho bado ina ile ile moja, ila sasa hakuna wa kuizuia isipandishe bei. Na hasara ya punguzo la mjini, kampuni kongwe itaifidia kwa nani?

Halafu kuna gharama za mwingiliano. Mteja wa mgeni akimpigia wa kampuni kongwe, mgeni anamlipa mwenye mtandao. Kiwango kikiachwa kipangwe na mwenye mtandao, mgeni hafiki mbali. Ndiyo maana watu wetu walizoea kutembea na laini mbili tatu: kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali.

Uingereza iliyapitia haya. Hadi 1991 simu za mezani zilikuwa karibu zote za kampuni mbili, British Telecom na Mercury, na Mercury ilijikita kwa wafanyabiashara, hasa wa London. Lakini British Telecom ilipobinafsishwa mwaka 1984, bei zake ziliwekewa kikomo kulingana na mfumuko wa bei, na mdhibiti, Oftel, akaingilia masharti ya kuunganisha mitandao hiyo.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye simu wanakaa, tena kwa raha: kila mmoja anachungulia bei ya mwenzake, na hakuna anayekuwa wa kwanza kushusha.

Utasema simu za mkononi zimemaliza hoja. Kwa maongezi, sawa. Zilienea Tanzania Bara hata TTCL, kampuni kongwe ya simu nchini, ilipokuwa na haki ya pekee ya simu za mezani, kati ya 2001 na 2005. Ila ofisi ya Njiro, Arusha, inayotaka intaneti ya faiba bado inategemea ni nani aliyepitisha waya mtaani kwake.