Papa wa riwaya na papa wa majini

Katika riwaya za kusisimua na kwenye kurasa za mbele za magazeti, papa ana roho ya mtu. Ana kinyongo, huchagua adui, humfuata hadi alipize kisasi. Kama mhusika anapendeza. Kama samaki, hajawahi kuonekana.

"Papa akishaonja nyama ya mtu, hataki nyingine"

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Aliyeivika joho la kisayansi ni Victor Coppleson, daktari wa Sydney, Australia, aliyekusanya visa vya watu walioumwa na papa na kuvitolea kitabu mwaka 1958. Kila alipoona visa vikifuatana katika pwani moja, alihitimisha kuwa ni kazi ya papa mmoja aliyepotoka. Ushahidi wa papa wa aina hiyo haukupatikana. Kinachojulikana ni kwamba papa wakubwa wengi husafiri masafa marefu, na kwamba watu huumwa zaidi pale waogeleaji wengi na papa wengi wanapokutana katika maji yale yale.

Mfano unaopendwa na waandishi ni wa New Jersey, Marekani. Kati ya tarehe 1 na 12 Julai 1916, watu wanne waliuawa na mmoja akajeruhiwa. Wawili kati ya waliokufa walishambuliwa katika kijito cha Matawan, si baharini. Siku mbili baadaye akanaswa papa mweupe ambaye hata hakuwa amekomaa, na magazeti yakatangaza kuwa muuaji kapatikana. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaoona kwamba kijitoni aliingia papa fahali, anayestahimili maji yasiyo na chumvi, na hapo "muuaji mmoja" anageuka kuwa wawili au zaidi. Lakini nani atauza gazeti kwa kuandika "huenda ni samaki tofauti"?

Ajabu ni kwamba kabla ya hapo dhana ilikuwa imeegemea upande wa pili. Mwaka 1891 tajiri mmoja wa New York, Hermann Oelrichs, aliahidi dola 500 kwa atakayethibitisha kuwa papa aliwahi kumshambulia mtu aliye hai nje ya maji ya tropiki. Hakuna aliyezichukua, na wasomi wengi wa Marekani walikubaliana naye. Kwa hiyo msimu mmoja wa kiangazi ulitosha kumgeuza papa kutoka mwoga hadi jini.

Peter Benchley aliichukua picha hiyo ya mla watu na kuiandikia riwaya *Jaws*, iliyotoka 1974 na kufanywa filamu mwaka uliofuata. Baadaye yeye mwenyewe alisema asingeweza tena kuiandika baada ya yale aliyojifunza, na hadi alipofariki mwaka 2006 alikuwa mtetezi wa papa. Kwa maoni yangu, habari hii ingestahili kujulikana kama riwaya yenyewe inavyojulikana.

"Hunusa tone la damu kutoka maili nyingi"

Pua yake ni kali kweli, ila harufu haimfikii mpaka ichukuliwe na maji, nayo huzidi kupungua nguvu kadiri inavyosambaa. Na lile pezi linalokata maji huku likimzunguka mtu? Papa mweupe akiwinda huvizia kutoka chini. Pezi linaloonekana ni la papa asiyejificha.

"Akiacha kuogelea anakufa"

Baadhi, ndiyo. Wengine hulala kwenye sakafu ya bahari na kusukuma maji kupitia mashavu ya kupumulia kwa misuli ya kinywa.

"Papa haugui saratani"

Kitabu kilichouzwa sana mwaka 1992 kilitangaza hivyo, na vidonge vya gegedu (mfupa laini) la papa vikapata soko. Uvimbe wa saratani umeonekana kwa papa, tena ulikuwa umeelezwa miongo mingi kabla ya kitabu hicho. Vidonge navyo vilipojaribiwa kwa wagonjwa havikuonyesha faida. Hapa uandishi usiojali ukweli uliwaumiza watu wagonjwa na papa waliovuliwa kwa ajili yao.

"Papa ni papa tu"

Kuna spishi zaidi ya 500. Wapo wasiozidi urefu wa mkono wa mtu, na yupo potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huchuja viumbe vidogo vinavyoelea majini. Watu wanaoumwa bila kuwachokoza papa ni takriban 60 hadi 70 kwa mwaka duniani kote, na wanaokufa kwa kawaida hawafiki 10. Papa wanaouawa na binadamu walikadiriwa mwaka 2013 kuwa milioni 100 hivi kwa mwaka.

"Papa ndio waliowamaliza mabaharia wa Indianapolis"

Meli hiyo ya kivita ya Marekani ilizamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 30 Julai 1945. Papa waliua baadhi ya walioelea majini, hilo halina ubishi. Wengi zaidi waliuawa na majeraha, jua, kiu na maji ya chumvi waliyoishia kuyanywa, kwa sababu jeshi la majini halikugundua kuwa meli haijafika. Ndege iliwaona kwa bahati tu, siku ya nne. Walionusurika walikuwa 316 kati ya karibu 1,200. Katika masimulizi mengi papa hupewa kurasa nzima, na uzembe huo sentensi moja. Nahodha Charles McVay alihukumiwa na mahakama ya kijeshi. Bunge la Marekani lilimsafisha jina mwaka 2000, akiwa amekwisha kufa.