Mmea wa Nabii Yunus: mung'unye, mtango au mbarika?

Kila nikizungumzia Nabii Yunus, ambaye Biblia humwita Yona, mbele ya watu wa pwani, swali la mwanzo ni la samaki. Kule Kojani, Pemba, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniuliza bila hata kuinua macho: "Mwalimu, nyangumi au chewa?" Nikamwambia Kitabu cha Yona kwa Kiebrania kinasema "samaki mkubwa" basi, na Qur'ani imesema hut, ambaye ni samaki vilevile. Nyangumi yumo kwenye Biblia ya Kiswahili, Mathayo 12:40, kutokana na neno la Kigiriki la mnyama mkubwa wa baharini. Hakuridhika.

Mimi huyo samaki hanishughulishi sana. Dini tatu zinazomsimulia, Uyahudi, Ukristo na Uislamu, zinaachana zaidi kwenye mmea.

Kitabu cha Yona ni kifupi, sura 4 tu. Yona anatumwa Ninawi, iliyokuwa pale ulipo mji wa Mosul, Iraq. Yeye anakwenda zake Yafa kupanda merikebu ya Tarshishi. Baada ya masaibu ya baharini na kumezwa na samaki, anafika Ninawi, watu wanatubu, Mungu anawasamehe. Hapo ndipo Yona anapokasirika! Anakaa nje ya mji juani, Mungu anamuoteshea mmea wa kivuli, anafurahi. Kesho yake mdudu anautafuna, unakauka, naye anatamani kufa. Mungu anamuuliza: wewe unauhurumia mmea ambao hukuupanda, mimi nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi? Kitabu kinakatikia kwenye swali hilo, Yona hajibu. Wayahudi hukisoma chote alasiri ya Yom Kippur, siku yao ya kufunga na kutubia.

Katika Qur'ani hasira zinatangulia. Yunus anaondoka ameghadhibika, kura ya nani atupwe baharini inamwangukia chomboni, anamezwa, na gizani anaomba: La ilaha illa anta subhanaka, inni kuntu minadh-dhalimin, yaani hapana mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu (Al-Anbiyaa, 87). Dua hiyo tunaifundisha watoto wangali wadogo. Anatupwa ufukweni hali mgonjwa, na Mwenyezi Mungu anamuoteshea mmea wa yaqtin, jamii ya mung'unye (As-Saffat, 146). Hapa hakuna mdudu wala kusutwa. Mmea ni stara na matibabu. Kisha anatumwa kwa watu laki moja au zaidi, nao wanaamini.

Wakristo wanalo andiko lile lile la Kiebrania, ila Injili imewaelekeza tumboni mwa samaki: siku tatu za Yona ni ishara ya Yesu kaburini na kufufuka kwake. Hata hivyo mmea haukusahauliwa. Kwenye makaburi ya kale ya chini ya ardhi kule Roma, Yona amechorwa amejilaza chini ya mmea wa mung'unye wenye matunda yanayoning'inia, kama aliyekwisha kupumzika. Na Jerome, mwanachuoni wa Kikristo wa kale, alipoubadilisha mmea huo jina katika tafsiri yake ya Biblia ya Kilatini, waumini wa Oea, Tripoli ya leo nchini Libya, walizua zogo kanisani. Askofu Augustine alimwandikia Jerome kumlalamikia mwaka 403. Biblia ya Kiswahili imeuita mtango. Wapo wanaosema ni mbarika.

Yule mzee nilipomtajia mung'unye aliweka sindano chini. Nyuma ya nyumba yake ulikuwepo mmoja, umetambaa mpaka juu ya banda la mbuzi.

"Huu huu?"

"Jamii yake, mzee wangu."

Akauangalia kitambo, kisha akauliza kama Nabii Yunus alikula matunda yake.