Kwa nini lava ya Goma huota majani upesi kuliko ya Tsavo?

Ndani ya Tsavo Magharibi, Kenya, kuna jiwe jeusi la lava lililotapakaa kilomita zipatazo 8. Wenyeji waliliita Shetani. Inakadiriwa lilitoka ardhini yapata karne mbili zilizopita, lakini ukilitazama ungedhani limemwagika juzi: kichaka hapa, kichaka pale, basi. Goma, mashariki mwa Kongo, lava ya volkeno ya Nyiragongo iliyofunika mitaa Januari 2002 ilianza kuota baada ya miaka michache tu. Mbona?

Lava ikipoa haina udongo wala mbegu. Anayetangulia si mmea hasa, bali kuvu na mwani walioungana wakawa kiumbe kimoja. Huko Virunga, safu ya milima yenye Nyiragongo, aliyeenea zaidi ni Stereocaulon, vijitawi vya kijivu vinavyolifanya jiwe jeusi lionekane limenyunyiziwa majivu. Hunasa nitrojeni ya hewani, hulimung'unya jiwe kwa asidi yake, na akifa mabaki yake hujaa kwenye nyufa pamoja na vumbi. Humo ndimo kangaga huota. Baadaye nyasi, vichaka, kisha miti ambayo mbegu zake nyingi huletwa na ndege. Huo ndio mfuatano wa kiikolojia.

Kazi yote hiyo inataka maji. Goma hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Tsavo ni nyika, na hata hiyo mvua chache hunyweka upesi kwenye nyufa za lava. Maji yanayozama hivyo kwenye vilima vya Chyulu huibukia mbali, chemchemi za Mzima.

Baada ya moto, kama ule wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020, mimea hurudi haraka kuliko kwenye lava kwa sababu udongo upo na baadhi ya mizizi i hai.

Somo hili vitabuni huchosha, maana mwanafunzi huambiwa awaze miaka mia. Mwalimu wa Goma ana bahati: lava za 1977, 2002 na 2021 zote ziko jirani. Awapeleke wanafunzi, kila kundi lipime mita moja ya mraba na kuhesabu aina za mimea iliyomo. Ila wasishuke mabondeni wala mashimoni: huko hutuama mazuku, hewa ya kaboni dioksidi isiyoonekana, na huua.