Zege nene halizuii tanki kuinama mlimani

Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba tanki kubwa likijengwa kwenye mteremko, dawa yake ni zege nene. Imani hiyo si sahihi, na inaumiza watu.

Mzigo wote mwishowe hubebwa na udongo. Maji yenye kina cha mita 10 hukandamiza kila mita ya mraba kwa takribani tani 10, na unene wa zege huongeza uzito juu ya udongo uleule.

Tatizo huanzia kwenye kusawazisha uwanja. Upande wa juu unachimbwa, kifusi chake kinamwagwa upande wa chini. Nusu ya tanki inakalia ardhi ngumu ya asili, nusu nyingine inakalia kifusi, na kifusi hutitia zaidi. Tanki la chuma huvumilia kushuka kwa usawa, hata sentimita kadhaa, mradi mabomba yaliyounganishwa nalo yana nafasi ya kusogea. Upande mmoja ukishuka kuliko mwingine, ukuta hupoteza uduara, paa linaloelea (lile la matanki ya mafuta, linalopanda na kushuka juu ya mafuta yaliyomo) hukwama, na maungio ya chini yanaweza kuchanika.

Kwa hiyo ni bora kukata mlima hadi tanki lote likae kwenye udongo wa asili. Ikishindikana, kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, na mtaro wa upande wa juu uepushe maji ya mvua. Kisha tanki jipya hujazwa maji polepole, huku vipimo vya kushuka kwake vikichukuliwa kuzunguka ukuta wote. Haraka ya kuokoa siku chache hapa ndiyo ninayoiogopa zaidi.