Je, Wajua? Maji ya Mto Karanga na Rau Hayatoki Kwenye Theluji ya Kibo

Vuli ikishapita na vumbi la Januari likianza kutimka mitaa ya Pasua mjini Moshi, simama kwenye daraja la Karanga, barabara ya kwenda Arusha. Maji bado yanapita, ingawa mjini hakujanyesha. Muulize mwenyeji yanatoka wapi, naye atakuonyesha Kibo, kilele cha Kilimanjaro: si unaiona theluji inayeyuka? Jibu hilo wengi tumekua nalo, na kwa sehemu kubwa si kweli.

Barafu ya Kibo ni kidogo mno kulisha mito yote hii. Kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa takriban asilimia 85. Hata iliyobaki haitiririki yote. Juu kule hewa ni kavu na jua ni kali, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Ni kweli Karanga inaanzia juu sana. Waliopanda kwa njia ya Machame wanalijua bonde lake, kwenye kambi ya karibu mita 4,000, ambapo wapagazi huteka maji kwa sababu mbele, kwenye kambi iitwayo Barafu, hakuna. Ila kijito kile hakitoshi kuwa mto huu wa darajani.

Mto unaundwa msituni. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, hugonga mlima, hupanda na kupoa, kisha huumwaga mzigo wake. Upande wa kusini, kwenye mita 2,000 na kitu, hunyesha milimita 2,500 hadi 3,000 kwa mwaka. Kileleni ni kama 200 tu. Tena si mvua peke yake. Ukungu nao hunaswa na majani na kuvumwani zinazoning'inia kwenye matawi, ukadondoka tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, moto unaoteketeza miti ya juu ya msitu ungepaswa kututisha kuliko picha za barafu inayopungua, ambazo ndizo zinazosambazwa sana.

Maji hayo hayashuki yote kwa pamoja. Mengine hukimbilia makorongoni papo hapo, na ndiyo yanayochafuka na kuvimba wakati wa masika. Mengine huzama kwenye miamba ya volkano, ambayo imejaa nyufa na vitundu, yakasafiri chini kwa chini na kuibuka mlima unapoishia. Hizo ndizo chemchemi za Shiri na Nsere zinazonywesha mji wa Moshi, pamoja na Njoro, Miwaleni na Chemka. Msitu wa Rau, tambarare karibu na mji, unaishi kwa maji hayo ya ardhini. Humo umo msoo, mti usiopatikana sehemu nyingi duniani.

Sasa fungua ramani, maana hapa ndipo panaponogea. Karanga inapita magharibi mwa mji na kushuka upande mmoja na Weruweru na Kikafu, hadi kwenye Kikuletwa, mto uleule unaopokea Themi kutoka Arusha mjini. Rau iko mashariki, nayo inaelekea mto Ruvu (si ule wa Pwani), unaoleta pia maji ya Ziwa Jipe. Kwa hiyo mito miwili ya mji mmoja inaachana kabisa, kila mmoja na ukoo wake, kisha inakutana tena katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo ni Pangani moja hadi baharini.

Lakini njiani kuna watu. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, karne nyingi zilizopita, na mfongo hufanya kinyume cha tawimto: tawimto hukusanya, mfongo hugawa, kutoka korongoni hadi kihamba (shamba la nyumbani) hiki na kile, chini ya migomba na kahawa. Huku tambarare, Rau na Njoro hulisha mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Kiangazi, maji ya juu yakishagawanywa hivyo, yanayofika bwawani kwa njia ya Kikuletwa huwa zaidi ni yale yaliyoibuka huku chini, Chemka na chemchemi jirani zake.