Piano ya Mozart Si Hii Yetu

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mwanafunzi mtu mzima anayejifunza Sonata ya Mbalamwezi ya Beethoven: eti piano ni ileile tangu enzi za Mozart, kwa hiyo maagizo yaliyo kwenye nota yafuatwe yalivyo. Akakanyaga pedali tangu mwanzo wa sehemu ya kwanza hadi mwisho. Chumba kikavuma, sauti zikavurugana.

Agizo hilo lipo kweli. Sonata hiyo ni ya mwaka 1801, na Beethoven aliandika kwamba sehemu ya kwanza yote ipigwe vizimio (vipande vinavyonyamazisha nyuzi, ambavyo pedali huviinua) vikiwa vimeinuliwa. Lakini aliiandikia piano nyingine kabisa. Piano za Vienna za wakati huo zilikuwa na fremu ya mbao, nyuzi nyembamba na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi, na mlio wake ulififia upesi. Piano kubwa ya leo ina fremu ya chuma inayohimili mvutano wa tani 20 hivi, na mlio wake hudumu. Ushauri wangu siubadilishi: achia pedali na uikanyage upya kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inapobadilika.

Watu husahau kwamba piano ndiyo iliyokuwa mashine mpya ya zama zile. Bartolomeo Cristofori alitengeneza ya kwanza mjini Florence karibu mwaka 1700, na mafundi hawakuacha kuifumua na kuiunda upya. Ile aliyonunua Mozart kwa fundi Anton Walter ilikuwa na oktava tano tu (oktava moja ni vitufe 12). Ndiyo maana katika sonata za mwanzo za Beethoven kuna mahali ambapo wimbo unapanda, kisha unakunja ghafla: vitufe vimekwisha! Mwaka 1803 fundi Érard wa Paris alimpelekea piano ndefu zaidi, na mwaka 1818 ikamfikia nyingine ya kampuni ya Broadwood kutoka London, yenye oktava sita. Fremu nzima ya chuma ilipata hataza Boston mwaka 1825, miaka 34 baada ya Mozart kufariki.

Kwa hiyo mzazi asiniambie mtoto hawezi kuanza Mozart kwa sababu nyumbani kuna kinanda cha vitufe 61. Mozart naye alikuwa na 61. Vyake vilianzia chini zaidi, basi. Noti chache za besi zitakazokosekana mtoto azipige oktava moja juu.

Madai mengine potofu nayapitia haraka.

Eti watunzi hawa walijifungia kwenye makasri, dunia ikawapita. Mwezi Juni 1792 mtunzi Haydn alikwenda Slough, Uingereza, kuiona darubini kubwa ya William Herschel. Herschel, aliyegundua sayari ya Uranus mwaka 1781, alikuwa mwanamuziki aliyepiga ogani kanisani Bath. Nayo opera ya Beethoven, Fidelio, ilioneshwa mara ya kwanza Novemba 20, 1805, wiki moja tu baada ya majeshi ya Napoleon kuingia Vienna. Wengi ukumbini walikuwa maofisa wa Kifaransa.

Eti Mozart alitupwa kaburi la mafukara. Alizikwa kama raia wengi wa Vienna walivyozikwa, baada ya Mfalme Joseph II kupiga marufuku mbwembwe za mazishi. Na mtunzi mwenzake Salieri hakumpa sumu, kama inavyovumishwa. Mjane wa Mozart mwenyewe alimpeleka mwanawe akafundishwe na Salieri.

Eti mtoto mchanga akisikiliza Mozart atakuwa na akili nyingi. Utafiti uliozaa uvumi huo, wa mwaka 1993, ulipima wanafunzi wa chuo kikuu, na nafuu iliyoonekana katika maswali ya maumbo iliisha ndani ya robo saa hivi. Hakuna mtoto mchanga aliyepimwa.

Na Beethoven hakuzaliwa kiziwi. Masikio yalianza kumsumbua akikaribia miaka 30, akaendelea kupiga piano mbele ya hadhara hadi mwaka 1814.